Plau Niliyoitangulia Bila Kuiona

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa tayari nyanya wa watu. Wengine wakisimulia kazi zao huanza wakiwa vijana wenye magoti mapya. Mimi nilianza goti la kushoto likiwa limechoka na mvi zimejaa chini ya kitambaa. Trekta ndogo ya bluu ilishushwa kutoka kwenye lori mbele ya ghala letu la mahindi pale Mwello, asubuhi, umande haujakauka. Wenzangu wote walisimama mbele wakishika taa na kusifu usukani. Mimi nilizunguka nikaenda nyuma, nikainama, nikaanza kutazama vyuma vilivyoning'inia huko. Mwenyekiti wa kikundi chetu, Mama Akoth, akaniita kwa ile sauti yake ya kanisani, "Nabwire, uso wake uko huku!"

Nikamjibu, "Uso nimeuona. Nataka kuona mkia."

Walicheka. Lakini hamu ile ya kuona nyuma ilikuwa na umri mkubwa kuliko trekta, na lazima niwaeleze ilikotoka.

Mimi ni mtoto wa Busia, Msamia, niliyezaliwa karibu na mpaka kiasi kwamba kuku wetu walikuwa wakila Kenya na kulala Uganda. Kiswahili changu ni cha soko la pale. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya, lisogezeni wenyewe. Niliolewa Mwello na Owere, Mpadhola, na baba yake, Mzee Okoth, alikuwa na ng'ombe wawili wa kulimia. Wa kulia aliitwa Polisi, wa kushoto Karani. Kazi ya plau ya ng'ombe ilikuwa ya watu wawili. Mmoja alishika mikono ya plau nyuma, akiikandamiza iume udongo. Mwingine alitangulia mbele na kamba mkononi, akiwaongoza ng'ombe mstari usipinde. Katika mji wa Mzee Okoth mwanamke hakushika mikono ya plau. Ilikuwa hivyo tu, kama vile mwanamume hakupima chumvi ya mboga. Mwanamke aliweza kutangulia. Nikatangulia, msimu baada ya msimu, hadi watoto wangu wote walipokuwa wamemaliza kuzaliwa.

Mtangulizi alikuwa na sheria moja. Mzee aliniambia siku ile ile ya kwanza nilipokabidhiwa kamba.

"Usigeuke."

"Hata kidogo, baba?"

"Ukigeuka, Polisi atageuka na wewe. Na Polisi akigeuka, Karani hana akili yake mwenyewe."

Basi sikugeuka. Nilitazama kitu kimoja mbele, mti au kichuguu, nikakifuata kama mtu anayeitwa na mkwe. Yote yaliyotokea nyuma yangu niliyajua kwa masikio. Udongo laini ulikuwa na sauti ya mtu anayerarua shuka kuukuu. Udongo mkavu ulikwaruza. Mizizi ilikatika kwa kishindo kidogo kidogo. Na katika shamba la chini, lile la kando ya barabara, kulikuwa na mahali ambapo kila msimu plau ililia "ngaa!", mnyororo ukakazwa, ng'ombe wakasimama, na Mzee Okoth akasema neno la Kidhopadhola ambalo sitaliandika. Kisha aliinyanyua plau kwa mikono yake, akaivusha, akapiga mluzi, tukaendelea.

Niliwahi kumwuliza bila kugeuka, "Baba, ni nini hicho?"

"Jiwe."

"Kubwa?"

"Tembea."

Ndio mazungumzo yote tuliyowahi kuwa nayo kuhusu jiwe lile. Nilijua alama yake. Sauti ile ilitoka wakati ncha ya Mwamba wa Tororo ilipochomoza upande wa paa la kanisa, mbele yangu. Baada ya mavuno nilirudi mara nyingi na jembe la mkono, nikasimama pale ambapo ncha huchomoza, nikachimba. Sikupata kitu. Owere alinikuta siku moja nimechimba shimo la kutosha kupanda mgomba, akaniuliza kama nimeanza kutafuta dhahabu kama watu wa Busia.

Mzee Okoth alifariki, Owere naye akamfuata baadaye, na maradhi ya mifugo yakamaliza zizi. Tukarudi kwenye jembe la mkono. Ukitaka ng'ombe, ulimwomba Omoding, jirani yetu Mteso, na Omoding alilima shamba lake kwanza, la kaka yake likafuata, halafu la rafiki wa kaka yake. Kufikia zamu ya mjane, mahindi ya wengine yalikuwa yameshapaliliwa. Ndiyo maana akina mama tuliunda kikundi, na ndiyo maana Mama Akoth alikwenda katika ofisi ya kilimo mpaka viatu vyake vikaisha soli. Trekta ikaja.

Ilikuja na sharti. Afisa Kilimo, Bwana Egesa, mwanamume mwembamba aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, alitusimamisha mbele ya ghala akasema wazi.

"Trekta hii italala Mwello kama mwanachama wenu atalima shamba zima mbele ya macho yangu kabla ya mvua za kwanza. Kama hakuna, itakwenda kwa kikundi cha Iyolwa. Wale tayari wana dereva."

"Na sisi tukikodi dereva?" aliuliza Mama Akoth.

"Nyabo, dereva wa kukodi leo yuko hapa, kesho yuko Malaba anaendesha lori. Akiondoka na ujuzi wake, mtabaki na kibanda cha kuku chenye magurudumu. Nataka mwanachama."

Mwalimu wetu alikuwa Fundi Wandera, kijana wa upande wa Kenya, aliyetumwa na duka lililouza trekta. Alivuka mpaka kila asubuhi na bodaboda, sanduku la spana mapajani. Alifundisha bila haraka na hakumcheka mtu usoni, ingawa nadhani alicheka sana akirudi nyumbani.

Alianza na miguu. Mguu wa kushoto ni klachi, ile pedali inayotenganisha injini na magurudumu. Ukiiachia ghafla, trekta inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa. Mguu wa kulia una breki mbili, moja ya kila gurudumu la nyuma. Shambani zinatumika moja moja ili trekta igeuke mahali padogo, barabarani zinafungwa pamoja kwa komeo dogo la chuma, la sivyo ukikanyaga moja kwa mwendo wa kasi utalala mtaroni. Moto wa injini, yaani kasi yake, uko kwenye mkono mdogo karibu na usukani. Na kando ya kiti, upande wa kulia, kuna mkono mwingine wenye kirungu chekundu. Huo ndio haidroliki.

Aliuvuta. Nyuma, mikono miwili ya chuma iliinuka polepole na plau nzima juu yake, chuma ambacho wanawake wanne wasingeweza kukisogeza. Hakuna aliyekigusa.

Nyachwo, mdogo wetu kikundini, alirudi nyuma hatua kubwa. "Yesu! Hii kitu inapanda yenyewe!"

"Haipandi yenyewe," Wandera alisema. "Ni mafuta yanayoinua."

"Mafuta?" nikauliza. "Mafuta yana mifupa gani ya kuinua chuma?"

Akafungua sanduku lake akatoa bomba mbili za sindano zisizo na sindano, moja ndogo na moja kubwa, zimeunganishwa kwa mpira, ndani mna mafuta ya kupikia. Akaniambia nibonyeze ile ndogo kwa kidole, na yeye azuie ile kubwa kwa kiganja. Nikabonyeza. Kiganja chake kikasukumwa juu. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza na kuachia mpaka Mama Akoth akasema, "Mwacheni, amerudi utotoni."

Wandera akaeleza kuwa pampu ya trekta ni kile kidole changu, na silinda iliyo chini ya kiti ni ile bomba kubwa. Mafuta hayakubali kubanwa. Ukiyasukuma huku, lazima yasukume kule.

Lakini mimi nilikuwa na swali lingine. Alikuwa amezima injini, pampu imelala, na plau bado ilikuwa juu. Nani aliyeishikilia?

Jibu nililipata mwenyewe, na nililipata kwenye malwa. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nani huku hajawahi kukaa penye chungu? Ukichomeka mrija ndani ya malwa, ukaziba tundu la juu kwa kidole gumba, ukauinua, pombe hubaki ndani ya mrija, haishuki. Ukiondoa kidole, inamwagika yote. Nikamwambia Wandera, "Kuna mtu ameziba mrija."

Alinitazama, akatazama plau, akaanza kucheka. "Mama, mimi nimefundisha hii kitu Bungoma mpaka Kisumu, na sijawahi kufikiria mrija. Ndiyo. Inaitwa valvu. Huo mkono mwekundu ndio kidole gumba. Na kwa sababu hiyo hiyo, usiingie kamwe chini ya plau iliyoinuliwa, hata injini ikiwa imezimwa. Mtoto akigusa mkono, kidole kimetoka." Akausogeza mkono mwekundu, injini ikiwa kimya kabisa, na plau ikaanguka kwenye udongo kwa kishindo kilichoturudisha sote nyuma. "Kabla ya kushuka kwenye kiti, kila kitu kilale chini. Hiyo ndiyo amri ya kwanza. Amri ya pili mmeshaisikia: usiingie chini."

Tulikuwa watatu tuliojitolea kujifunza. Apio alikuwa na akili lakini mguu wake ulitetemeka kwenye klachi. Baada ya kuruka na trekta hadi kwenye uzio wa padri, aliomba kurudi kwenye kwaya. Nyachwo aliendesha vizuri mpaka plau ilipoinuka nyuma yake, akaruka chini akaiacha trekta ikitembea yenyewe, na Wandera akaikimbilia kama mtu anayekimbiza jogoo wa sadaka. Nikabaki mimi.

Nami niliiweza. Nasema kweli. Mstari wangu ulikuwa umenyooka, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote: kutazama kitu mbele na kukifuata. Habari zikaenea kwamba nyanya wa Mwello anaendesha, na siku moja Bwana Egesa akapita kuona, tukiwa bado mazoezini. Omoding naye alikuja, na watu wa njiani. Nilipanda kitini, nikawasha, nikatia giya, nikashika alama yangu, mti wa mvule ng'ambo ya shamba. Nilikwenda kama uzi. Sikupepesa. Nilipofika mwisho, nikasimama nikaweka mikono kiunoni kama bibi harusi anayesubiri vigelegele.

Vigelegele havikuja. Kilichokuja ni kicheko.

"Shemeji!" Omoding alipiga kelele, ameshika mbavu. "Umelima hewa! Sasa utapanda nini huko juu, mawingu?"

Ndipo nilipogeuka. Nyasi zilikuwa zimesimama vile vile nyuma yangu, zimelazwa na magurudumu tu. Plau ilikuwa juu, inang'aa, haijagusa hata chembe ya udongo. Nilikuwa nimeiinua wakati wa kutoka barabarani, na sikukumbuka kuishusha, kwa sababu tangu nilipotia giya sikuangalia nyuma hata mara moja. Zamani masikio yangeniambia. Lakini injini ilikuwa inanguruma kichwani mwangu, na masikio yangu yote yalikuwa yamejaa ngurumo hiyo.

Bwana Egesa hakucheka. Ilikuwa vibaya zaidi. Alitazama anga upande wa Busia, ambako mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mchana, akasema, "Wiki ijayo nitarudi. Nitakuja na watu wa Iyolwa," akapanda pikipiki yake.

Nilikaa kwenye kiti cha trekta, sikutaka kushuka. Wandera alikuja akaegemea gurudumu.

"Mama, nani alikufundisha usigeuke?"

Nikamweleza habari za Mzee Okoth, na Polisi, na Karani. Nilitegemea aseme mambo ya ng'ombe yamepitwa na wakati. Hakusema hivyo.

"Mzee alikuwa sawa," alisema. "Jaribu kugeuka sasa, trekta ikitembea. Utaona."

Nikajaribu. Niligeuza kichwa nione plau, na mabega yakafuata kichwa, na mikono ikafuata mabega, na trekta nzima ikapinda kuelekea kwa padri kama ilivyokuwa desturi yetu. Polisi amegeuka na mimi! Nilicheka peke yangu pale juu mpaka machozi yakatoka.

"Ndiyo hiyo," Wandera alisema. "Kwa hiyo tunafundisha shingo iache mabega. Mbele tazama mara moja, nyuma mara mbili."

Alinikalisha upande kidogo, kiuno kimeelekea kulia, ili shingo isiwe na safari ndefu. Mkono wa kushoto peke yake kwenye usukani. Nikararua ncha ya kitenge changu nikafunga fundo pale juu ya usukani, ili kidole kijue bila macho kwamba magurudumu yamenyooka. Mkono wa kulia ukae karibu na kirungu chekundu. Halafu akanifundisha kitu kilichonirudishia maisha: aliniambia nisipigane na injini, niisikilize. Plau ikienda sawa, injini inaimba sauti moja. Plau ikizama mno, sauti inashuka, inakuwa nzito kama mtu anayepanda mlima na gunia. Plau ikitoka nje, sauti inakuwa nyepesi, inakimbia. "Udongo bado unaongea, mama," alisema. "Umebadilisha mdomo tu."

Wiki ile nilifanya mazoezi ya shingo hata jikoni. Nilikoroga uji nikitazama mlango nyuma yangu. Nilitwanga karanga nikimwangalia paka nyuma ya bega. Binti yangu Auma alidhani nimepigwa na hewa, akaniletea dawa ya kuchua.

Bwana Egesa alirudi siku ambayo mawingu yalikuwa chini kabisa. Watu wa Iyolwa walikuja na dereva wao, Onyango, kijana mwenye mabega, ovaroli mpya bado ina mikunjo ya dukani. Alinisalimia vizuri, lakini kwa adabu ile anayopewa mfiwa. Bwana Egesa akatembea akichagua shamba mwenyewe, asije mtu akasema tumelilainisha. Akasimama kando ya barabara.

"Hili."

Lilikuwa shamba langu la chini.

Wandera alinivuta kando. "Mama, sikiliza. Hii bolti hapa imewekwa makusudi ikatike plau ikigonga kitu kigumu, ili plau yenyewe isivunjike. Zile za akiba nimezitumia zote kwenye mazoezi. Ikikatika leo, hutaendelea."

Nikasema, "Humu mna jiwe."

"Wapi?"

"Sijui. Nimelisikia tu."

Alinitazama kama anayetaka kuuliza zaidi, lakini Bwana Egesa alikuwa ameshainua kofia yake kuashiria nianze.

Nilishusha plau. Nikageuza shingo nikaiona ikishuka, ncha zake mbili zikazama, na udongo ukaanza kupinduka, mweusi, unang'aa, ukilala ubavu mmoja mmoja kama watu kwenye mkeka. Jamani, mnajua nilitembea mbele ya kitu kile miaka yangu yote ya ujana? Sikuwahi kukiona. Sikujua kwamba ni kizuri. Ilinibidi nijikumbushe kutazama mbele.

Mstari wa kwanza ulikwisha, nikainua, nikageuka kwa breki ya upande mmoja, nikashusha. Wa pili. Wa tatu. Injini iliimba sauti moja. Upande wa watu nilisikia Mama Akoth akisali kwa sauti ambayo hata Mungu aliye mbali ingemfikia. Mistari ikaendelea, shamba likawa nusu jeusi, na kila nilipoelekea upande wa kanisa nilisubiri ncha ya Mwamba wa Tororo ichomoze kando ya paa, nikiogopa.

Ndipo, katikati ya mstari, ncha ikiwa bado imejificha, jambo likanijia kama mtu aliyeniita kwa jina. Mimi nilikuwa mtangulizi. Sauti ile ilipotoka, mimi nilikuwa nimesimama pale ncha inapochomoza, lakini plau haikuwa pale. Plau ilikuwa nyuma yangu kwa urefu wa ng'ombe na mnyororo wake. Ndiyo maana sikulipata kwa jembe. Nilikuwa nachimba mahali nilipokuwa mimi. Na sasa sikuwa mbele ya ng'ombe, nilikuwa nimekaa pale pale karibu na plau, nafasi ya Mzee Okoth. Jiwe lingekuja kabla ya ncha.

Nikageuka. Mkono kwenye kirungu chekundu, kidole kwenye fundo la kitenge. Mara injini ikashusha sauti, kidogo tu, kama mtu anayekohoa ndani ya leso. Nikavuta. Plau ikainuka ikimwaga udongo, ikapita juu, na chini yake nikaona kitu cha kijivu kikipita polepole. Nikahesabu kwa moyo kipande kifupi, nikashusha tena. Ncha ya Mwamba ikachomoza kando ya paa la kanisa, mahali pake pa siku zote.

"Ameruka!" Onyango alipaza sauti. "Afisa, ameacha kipande!"

Kweli, lilibaki doa la nyasi katikati ya weusi, na nililijua. Nilimaliza mistari iliyobaki, nikalaza plau chini, nikazima injini, ndipo nikashuka. Wandera alikuwa ameshafika penye doa na spana yake. Alifagia udongo kwa mguu, akainama, akagonga.

Ngaa.

Ile ile. Sauti ile ile ya nyuma yangu, ila sasa ilikuwa mbele, mchana kweupe, nami ninaitazama. Jiwe halikuwa kubwa. Lilikuwa kama mgongo wa mbuzi aliyelala, na juu yake palikuwa na mikwaruzo mingi, mingine imeshika kutu, imepangana upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Ni alama za plau ya Mzee Okoth, kila msimu na yake. Nikapitisha kidole juu yake.

Onyango alikuja akachungulia, akavua kofia. "Mama," alisema, "mimi hapo ningekata bolti."

Bwana Egesa alilizunguka shamba lote, akipima kina kwa fimbo. Aliporudi alimtazama Mama Akoth, akanitazama mimi, tone la kwanza la mvua likadondoka kwenye kofia yake.

"Itafutieni turubai," alisema. "Trekta hailali nje."

Baada ya hapo nilikuwa dereva. Nilianza na mashamba ya wajane wa Mwello, kwa amri ya Mama Akoth, na Omoding alipoomba, tulimwambia zamu yake inafuata baada ya rafiki wa kaka yangu. Alicheka, akasubiri. Halafu tukaazimwa Mulanda, chini ya Katibu wa ushirika wa kule, Mzee Ofwono, ambaye alitembea nyuma yangu kila mstari akiwa na fimbo, akisema, "Inchi moja zaidi, mama. Muhogo ni kama mkwe, unataka kitanda kirefu." Nilijifunza kwake kuuweka mkono mwekundu mahali pamoja na kuacha udongo wenyewe uamue mengine. Iyolwa walipopata trekta yao, nilikwenda kuwasaidia msimu mmoja, na Onyango ndiye aliyenifundisha kurudi nyuma na trela, kazi ambayo kila kitu huenda kinyume: ukitaka iende kulia, unapinda kushoto. Nilimwuliza ni nani aliyebuni upuuzi huo. Alisema ni mtu aliyeachwa na mkewe.

Nimestaafu sasa. Si goti lililonitoa, ni macho; nilianza kuona mivule miwili palipo na mmoja, na mtu hawezi kufuata miti miwili. Nyachwo ndiye aliye kitini, yule yule aliyeruka. Haogopi tena chuma kinachopanda. Kabla sijamkabidhi funguo tulifunga mnyororo tukaling'oa jiwe. Liko mlangoni kwangu, wajukuu wananolea visu, lakini nimewakataza ule upande wenye mikwaruzo.

Vijana huniuliza trekta ni ngumu? Si ngumu. Badilisha oili kabla haijawa nyeusi kama kahawa. Paipu ya haidroliki ikivuja usiitafute kwa kiganja. Mafuta yale yana nguvu ya kuingia ndani ya ngozi, tumia kipande cha kadibodi. Laza kila kitu chini kabla ya kushuka. Na uliza maswali, hata kama wenzako watasema umerudi utotoni.

Shingo yangu haijastaafu. Juzi nilikuwa sokoni Busia, natembea na kikapu, na kila hatua kadhaa nikageuka kutazama nilikotoka. Mwanamke mmoja muuza dagaa aliniona, akaniita.

"Nyanya, umeangusha kitu?"

"Hapana, mwanangu."

"Sasa unatafuta nini huko nyuma?"

"Sitafuti. Natazama tu."

Na yeye akageuka.